Mwenye Pampu Akae Nyuma

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, wala si kwa sababu ilikuwa siku njema. Naikumbuka kwa sababu jioni yake nilikaripiwa na mtu ambaye hakunipandishia sauti hata kidogo, na karipio la namna hiyo halitoki masikioni upesi. Umeniambia kwamba kesho alfajiri wewe na wenzako mtaondoka Ruring'u kwa baiskeli kwenda kuuzunguka mlima, na kwamba siku ya kwanza mtafika Nanyuki. Njia hiyo naijua. Basi keti uandike. Mimi sikusoma, herufi sizijui, lakini maneno yangu nayajua yalivyokaa. Kwa hiyo andika ninavyosema, usinitengenezee. Kesho, kabla hamjapanda, uwasomee wenzako.

Zama hizo nilikuwa fundi wa viatu hapa hapa Majengo ya Nyeri, katika kibanda kilichokuwa ubavuni mwa msikiti, nami nilikuwa namposa nyanya yako. Yeye aliishi Nanyuki kwa baba yake mkubwa, Mzee Saidi, mwuza nyama, aliyemlea tangu baba yake mzazi alipofariki. Kwetu kijana hajiposei, wazee humtangulia. Wazee wangu walikwenda, wakakaribishwa, wakanywa chai, wakarudi na jibu ambalo halikuwa jibu. Mzee Saidi aliwaambia: "Wazee nimewaona, na wazee wote hufanana wanapokuwa na haja. Sasa nataka kumwona kijana na watu wake. Asiniletee wajomba wala mashangazi. Aniletee wale atakaowaita siku nyumba yake ikishika moto."

Akataja siku, akasema tufike kabla ya Magharibi. Sababu ilikuwa tajiri mmoja wa Timau, mwenye lori la mahindi, ambaye naye alikuwa ameleta posa, na mjumbe wake angekuja jioni hiyo hiyo kuchukua jibu. Tukishaonekana Nanyuki, tungeendelea hadi Meru kwa shangazi yake, kisha Embu kwa nyanya yake, maana nao walikuwa na neno lao, halafu turudi nyumbani kwa njia ya Karatina. Hivyo nasi tuliuzunguka mlima kama mtakavyouzunguka ninyi. Tofauti ni kwamba ninyi mnauzunguka kwa kupenda, nasi tuliuzunguka kwa kuwa jamaa za nyanya yako walikuwa wametapakaa kandokando yake.

Gari hatukuwa nalo. Tulikuwa na baiskeli, zile nyeusi za chuma, nzito kama milango. Tulikuwa watano: mimi, binamu yangu Rama, mtu wa mzaha asiyejua kunyamaza, ndugu wawili majirani zetu wa Majengo, ambao majina yao hayana kazi katika maneno haya, na Wanjohi wa Ruring'u. Wanjohi alikuwa akichukuza maziwa kwa baiskeli kila siku ya Mungu, na mapaja yake yalikuwa kama magogo ya mkaratusi. Hakuwa wa dini yetu, lakini kama nyumba yangu ingeshika moto, yeye ndiye angefika na ndoo kabla ya ndugu zangu wa damu. Ndiyo maana nilimchukua.

Vifaa vya njiani hatukukaa chini kuvigawa. Kila mtu alibeba alichokuwa nacho kwao. Mimi, kwa kuwa ni fundi wa viatu, nilibeba viraka, gundi na tupa. Rama alibeba spana. Wale ndugu wawili walibeba zawadi. Pampu ilikuwa moja tu, mali ya Wanjohi, naye alikuwa ameifunga kwa mpira kwenye chuma cha baiskeli yake, wala hakuwa tayari kumpa mwingine aishike.

Baba yangu alikuja kutuaga pale Ruring'u. Katika ujana wake alikuwa mswaga ng'ombe. Aliwatoa Isiolo na kuwafikisha Nyeri kwa miguu, kwa ajili ya wachuuzi. Alitutazama, akazitazama baiskeli, kisha akauliza swali moja.

"Pampu iko kwa nani?"

"Iko kwangu, mzee," akajibu Wanjohi.

"Basi wewe utakaa nyuma."

"Ati nyuma? Mimi ndio niko na nguvu kushinda hawa wote, mzee. Nikikaa nyuma ya hawa si nitalala juu ya baiskeli?"

"Lala, lakini lala nyuma. Tulipokuwa tukiswaga ng'ombe, aliyebeba kibuyu cha maji alitembea nyuma ya ng'ombe wa mwisho. Aliye mbele akishikwa na kiu, husimama akangoja, na maji yakamfikia. Aliye nyuma akishikwa na kiu na maji yako mbele, atayafikia kwa miguu ipi?"

Rama akadakia, "Haya Wanjohi, umesikia. Sisi ni ng'ombe. Na bwana harusi wetu ndiye ndama."

Wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Baba hakucheka. Alituombea dua fupi, akageuka, akaenda zake. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Nasi tuliudharau mwiba tukiwa bado hatujaukanyaga.

Mwanzo tulitii. Hadi Kiganjo Wanjohi alikaa nyuma, akipiga mbinja kwa uchovu wa kwenda polepole. Mlima ulikuwa wazi mkono wa kuume, weupe wake ukionekana kileleni. Lakini mnaujua ulivyo, hujionyesha asubuhi kisha hujitia ushungi, na siku ile haikufika saa nne ukawa umetoweka. Baada ya Kiganjo barabara ilianza kupanda, na mwenye nguvu anaumia sana katika mwinuko akiwa nyuma ya wasio na nguvu. Wanjohi akaja ubavuni mwangu.

"Wacha nitangulie kidogo tu," akasema. "Barabara ni moja, hakuna mahali ya kupotea. Nitawangoja Naro Moru."

Akatangulia, na kweli akatungoja Naro Moru. Tulimkuta ameketi na chai yake, amekunja nne kama chifu. Hilo ndilo lililotuponza, mwanangu. Angekosea mara ile ya kwanza na likatokea la kutokea, tungejifunza mapema. Lakini halikutokea lolote. Kosa lisiloadhibiwa hujiona kuwa ni akili.

Pale Naro Moru mimi nilifika wa mwisho. Mtu wa kiti na sindano hana pumzi ya barabara. Rama akanipokea kwa sauti ya kuwafanya hata wenye duka wageuke: "Bwana harusi! Ukisukuma pedali namna hiyo, utafika Nanyuki mtoto wa kwanza ameota meno!" Wanjohi akaongeza, "Na atakuwa ameota meno kwa nyumba ya yule wa lori." Mzaha wa vijana, hauna ubaya. Nilicheka tena. Lakini maneno yale nilipanda nayo baiskeli.

Tulipotoka Naro Moru, Wanjohi alienda mbele bila kuaga, na wale wengine, kwa kuwa wameshapumzika na upepo ulikuwa umetulia, wakamfuata kwa mashindano. Niliiona migongo yao ikipungua. Nilikuwa na sauti, na bado walikuwa karibu kiasi cha kuisikia. Sikuita. Nilijiambia kwamba anayekwenda kuoa haombi kungojwa. Kisha barabara ikakata mteremko, na migongo yote minne ikazama.

Haukupita muda, gurudumu la nyuma likalegea. Nilishuka. Ulikuwa mwiba wa mgunga, mrefu, umeingia wima. Nililaza baiskeli majanini, nikafungua tairi, nikatoa tyubu, nikaikwangua kwa tupa, nikatia gundi, nikabandika kiraka. Kazi hiyo niliifanya vizuri. Ni kazi ya mikono yangu. Kiraka kilishika kama ngozi juu ya ngozi. Nikaketi pale nikiitazama tyubu nzima isiyo na tundu wala upepo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye viraka alikuwa huku, mwenye pampu alikuwa kule, na katikati yetu ilikuwa barabara tupu.

Alipita mama mmoja amebeba mzigo wa nyasi za ng'ombe mgongoni, kamba ikiwa kipajini. Akasimama, akanitazama toka kofia hadi viatu.

"Wewe wa kofia, umepoteza nini hapo?"

"Pampu, mama."

"Imeanguka?"

"La. Imetangulia."

Alicheka hadi akashusha mzigo. "Kumbe ni ile! Imepita hapa na kijana anaendesha kama mtu amefukuzwa na nyuki. Na wewe ukanyamaza tu?"

Nikaiinua tyubu, nikamwonyesha kiraka. Akachomoa mafungu ya nyasi mzigoni mwake, akanitupia. "Jaza hizi ndani ya tairi, uzishindilie sana. Bwana yangu hufanya hivyo akiharibikiwa njia ya soko. Utafika, lakini utafika ukiwa umepigwa." Nikamshukuru, naye akajitwika mzigo wake, akaenda akicheka peke yake.

Nilifanya kama alivyoniambia. Tairi la nyasi, mwanangu, ni kama kupanda punda mkaidi: litakwenda, lakini kila jiwe linaloguswa na gurudumu hulifikisha kwenye uti wa mgongo. Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza. Kwenye miinuko nilisukuma, kwenye tambarare nilipanda, na kila nilipolitazama jua nilimwona mjumbe wa Timau ameketi mahali pangu.

Yaliyotokea Nanyuki sikuyaona. Nilisimuliwa na nyanya yako, aliyekuwa nyuma ya pazia, na nyanya yako hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Wenzangu walifika mapema, jua likiwa bado juu, wakiwa wamejaa vumbi na fahari. Mzee Saidi alitoka na wazee wenzake kuwapokea. Akawatazama mmoja mmoja, akauliza kwa upole, "Karibuni, wanangu. Anayeoa ni yupi?"

Wakageuka nyuma, wote wanne kwa pamoja. Nyanya yako alisema shingo ziligeuka kama za kuku waliosikia mwewe.

"Yuko nyuma, mzee," akasema Wanjohi. "Anakuja."

"Nyuma wapi?"

"Hapo tu."

"Hapo tu ni mji gani?"

Rama akajaribu mzaha, kama ilivyokuwa desturi yake: "Mzee, bwana harusi lazima achelewe kidogo, ndiyo heshima."

Mzee Saidi hakutabasamu. Aliuliza waliniona mara ya mwisho wapi. Mmoja akasema Naro Moru, mwingine akasema baada ya Naro Moru, na ikadhihirika kwamba hakuna aliyejua. Kisha akaiona ile pampu. "Na hiyo ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Yeye anayo nyingine?"

"Hana."

Mzee akaamuru maji ya kunawa, ambayo yalikuwa yamekwisha kuletwa, yarudishwe ndani. "Chakula hiki kilipikwa kwa ajili ya mtu, na mtu huyo hamkuja naye. Nilidhani mmekuja kumsindikiza mposaji. Kumbe mmekuja kuposea baiskeli. Rudini mkamlete." Wakati huo mjumbe wa Timau alikuwa amekwisha kufika. Aliyaona hayo yote akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Nilikutana nao nikiwa nimelivuka daraja la mto Burguret, jua likishuka upande wa Nyandarua. Wanjohi alikuwa wa kwanza kushuka. Aliligeuza gurudumu langu, akazitoa zile nyasi fungu kwa fungu kama anayemtoa kuku matumbo, akairudisha tyubu, akapiga pampu mpaka tairi likawa gumu kama jiwe. Alipomaliza akasema, "Ndugu yangu, mzee amekataa hata kutupa maji." Rama alisimama kando ameshika spana isiyo na kazi, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona kimya. Kisha tukapanda. Hakuna aliyepanga safu, lakini nilijikuta niko mbele, na nyuma ya wote nikasikia mnyororo wa baiskeli ya Wanjohi.

Tulifika watu wakitoka msikitini. Magharibi ilikuwa imepita. Muda tuliopewa ulikuwa umekwisha, na kila mmoja wetu alijua. Mzee Saidi alikuwa amesimama mlangoni; mjumbe wa Timau yuko nyuma yake, amevaa koti lake, yu tayari kuondoka na jibu.

Nilifungua kinywa kujieleza, lakini Wanjohi alinitangulia. "Mzee, kosa ni langu. Pampu ilikuwa kwangu na niliambiwa nikae nyuma. Usimhukumu huyu."

"Wewe nimekusikia," akasema Mzee Saidi, "na nimeona ulivyorudi. Keti." Kisha akanigeukia mimi. "Uliwaona wakikuacha?"

"Niliwaona."

"Walikuwa mbali?"

"Hawakuwa mbali."

"Uliwaita?"

"La, mzee."

"Kwa nini?"

Hakungoja jibu, akaendelea kwa sauti ile ile ya mtu anayepima nyama: "Nilikwambia uniletee wale utakaowaita siku nyumba yako ikishika moto. Umeniletea, na ni watu. Wameitwa na mimi, nisiye wao, wakarudi barabarani na njaa yao. Lakini wewe mwenyewe hujui kuita. Nikupe binti yangu, siku moto ukiwaka uone haya kupiga kelele, aungue kwa ajili ya heshima yako?"

Mwanangu, nimekaripiwa na watu wengi. Hakuna aliyenishona mahali pamoja kama mzee yule. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu tangu Naro Moru, nimeipanga vizuri, nikijua nani nitamlaumu na kwa maneno gani. Na pale mlangoni sikuiona tena ilipokwenda. Nikasema neno moja tu: "Ni kweli."

Akamgeukia mjumbe. "Mwambie tajiri wako leo sina jibu. Nimepata wageni ambao sijamaliza kuwahesabu." Nasi akatuambia: "Nanyi pia leo sina jibu lenu. Kuleni, mlale. Kesho nitatuma salamu Meru kwamba mnakuja watano. Mkifika wanne, msibishe hodi."

Tulifika Meru watano. Embu tulifika watano. Njia nzima Wanjohi alikuwa nyuma, wala hakupiga mbinja. Na mimi, kila nilipoishiwa pumzi, niliita. Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya mwivi. Mara ya pili ilikuwa nyepesi. Kabla hatujafika Karatina, Rama alikuwa akinijibu, "Tumekusikia, ndama, tumesimama!" na wote tukicheka, kicheko cha namna nyingine. Jibu la Mzee Saidi lilitufuata Nyeri baadaye, nalo ndilo hilo linalonishikia kalamu leo, yaani wewe, mjukuu wa binti yule.

Miaka mingi baadaye, Wanjohi tulimzika Ruring'u. Siku ile nilitembea nyuma ya watu wote, mwisho kabisa. Watu walidhani ni uzee.

Sasa sikiliza neno lenyewe. Umeniambia kwamba ninyi hamna hatari hiyo, kwa kuwa kila mmoja ana pampu yake, viraka vyake na simu yake. Hapo ndipo ninapowahofia zaidi. Sisi tulikuwa na pampu moja, na umaskini ule ulitulazimisha hatimaye kugeuka nyuma. Ninyi mliojitosheleza, nani atakayewageuza? Aliyejazwa mifuko yake hudhani hakuna wa kumngoja, na hakuna wa kumwita. Kwa hiyo nawaamuru, na hili si ombi: mwenye nguvu kuliko wote akae nyuma. Asitukuzwe kwa kufika kwanza. Afikishe wa mwisho, ndiyo kazi ambayo nguvu ziliumbiwa. Na aliye dhaifu asinyamaze. Asiyeita huwafanya wenzake kuwa wabaya bila wao kujua, kisha huketi kando ya barabara akiwahukumu. Msimcheke anayeomba kungojwa, kwa kuwa mzaha mtakaomtupia Naro Moru ndio utakaomziba mdomo huko mbele. Na mkifika Nanyuki, kabla hamjanawa mikono, jihesabuni. Mkipungua hata mmoja, hamjafika.

Hayo hayahusu baiskeli peke yake. Mtaoa na kuolewa, mtalima, mtafanya biashara, mtazika. Kote huko kuna aliye mbele na aliye nyuma, na pampu iko kwa mtu.

Andika na hili, kisha uniachie nilale. Mwenyezi Mungu awatangulie katika miteremko, awasukume katika miinuko, awaondolee mwiba njiani, na ukiwapata, uwakute pamoja. Atakayechoka apate sauti ya kuita, na atakayeitwa apate sikio la kusikia. Nendeni mlivyo, mrudi mlivyokwenda, kwa hesabu ile ile. Amina.